Ufunguo wa Kifuani

Wengi wetu hukisoma upesi kitabu cha John Bunyan cha safari ya Mkristo, kilichotolewa kwanza Uingereza mwaka 1678, ili tufike Mji wa Mbinguni. Yafaa tutue kidogo katika Ngome ya Mashaka. Hapo ndipo mwandishi aandikapo kwa nguvu; na hapo, kwa maoni yangu, pana jambo limepungua.

Habari ni hii. Mkristo na mwenziwe Tumaini waiacha njia yenye mawe, washika kijia laini. Jitu Kukata-Tamaa lawakamata, lawafunga tangu Jumatano asubuhi hata Jumamosi usiku pasipo chakula wala maji, lawapiga rungu, tena lawashauri wajiue. Tumaini amzuia mwenziwe. Usiku wa manane waanza kuomba. Karibu na mapambazuko Mkristo akumbuka ya kuwa anao ufunguo kifuani, uitwao Ahadi.

Tazameni ustadi wake. Hakuja malaika kuvunja mlango. Ufunguo ulikuwako siku zote, walakini kwa mapigo waliusahau. Ndivyo huzuni imfanyavyo mtu. Tena kufuli ya lango la chuma ilikuwa ngumu mno kugeuka, ingawa ufunguo ulikuwa wa kweli. Bunyan aliujua mlango uliofungwa. Huyu fundi wa kuziba vyombo vilivyotoboka alifungwa Bedford miaka 12 hivi, tangu 1660, kwa sababu ya kuhubiri, akitengeneza kamba za viatu apate kuwalisha watu wa nyumbani mwake, na binti yake mmoja kipofu.

Lakini katika habari hii jitu lawapata walioiacha njia. Msomaji aliyekosa mavuno, au aliyezika mtoto, aweza kujiuliza, Nimekosa nini? na majirani wakamwongezea uchungu, kama rafiki zake Ayubu. Ayubu hakuiacha njia, naye aliilaani siku aliyozaliwa.

Basi sura hii isisomwe peke yake. Katikati ya Mlima wa Shida, juu ya njia iliyo sawa, Bwana wa mlima ameweka kibanda cha kupumzikia wasafiri. Ni kweli Mkristo alilala humo hata hati yake ikaanguka. Lakini kosa ni la usingizi, si la kibanda. Kivuli kile kimewekwa kwa ajili ya wachovu, wala hawaulizwi wamechokaje.

Ndugu msomaji, umsomeapo mfiwa kitabu hiki, anzia kibandani, ndipo umpeleke ngomeni. Hapo atautafuta ufunguo kifuani mwake pasipo kuona haya.