Bushi Nyekundu na Bushi Nyeusi

Fundi wa magari wa hapa Tunduma hasemi kwamba bushi imechakaa. Husema imekufa. "Mzee, bushi zako zimekufa," ataniambia akiwa bado amelala chini ya gari, na papo hapo ninajua kwamba fedha niliyotoka nayo nyumbani haitarudi. Nalitaja neno hili mapema kwa sababu ndilo lililoniponza. Muuza spea aliyeniuzia bushi nyekundu aliisifu bidhaa yake kwa maneno mawili tu: "Hii haifi." Nikamwamini. Makala haya ni uhakiki wa maneno yale mawili, na wa bushi yenyewe. Vitabu tunavihakiki, nyimbo tunazihakiki, lakini vitu tunavyovikabidhi roho zetu barabarani tumewaachia wauzaji wavihakiki wenyewe.

Kwa msomaji ambaye hajapata kuchungulia chini ya gari, bushi ni pete nene ya mpira inayobanwa kati ya chuma na chuma, pale mikono inayoshika magurudumu inapoungana na chesisi. Ina kazi mbili zinazogombana. Yapasa ishike, ili gurudumu lielekee unakoliambia. Na yapasa iachie, ili shimo la barabarani lisikufikie kwenye uti wa mgongo. Bushi inayoshika tu si bushi, ni chuma. Inayoachia tu ndiyo hiyo tunayosema imekufa.

Gari langu ni Datsun 240Z la mwaka 1972, lenye milango miwili na injini ya silinda sita, ambalo nililinunua Kitwe, Zambia, mwaka 2014 likiwa limelala juu ya matofali. Ni ndugu wa yale yaliyoshinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1971, likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliyemaliza akiwa na alama za adhabu sawasawa na Harry Källström, naye pia katika Datsun, hata ikabidi watafutiwe njia ya kuamuliwa. Madereva wa malori wanaongoja kuvuka kwenda Nakonde hulizunguka. Wale wenye mvi hawaulizi ni gari gani. Hulipiga kofi begani kama wanavyompiga mtu.

Sasa bushi. Nyeusi, ya mtindo wa kiwandani, ni raba iliyogandishwa kwa nje kwenye bomba moja la chuma na kwa ndani kwenye bomba jingine. Mkono wa gurudumu unapopanda na kushuka, hakuna kinachoteleza. Raba yenyewe hujinyonga, kisha hujinyongoa. Haihitaji grisi, haipigi kelele, na vumbi halina mahali pa kuingilia. Nyekundu ni poliyurethani, jamii ya plastiki iliyogunduliwa Ujerumani na Otto Bayer na wenzake mwaka 1937. Ni ngumu zaidi: kwa kipimo kiitwacho Shore A, raba za magari aghalabu huwa kati ya 50 na 70, na hizi nyekundu hufika 80 hadi 95. Aghalabu haijagandishwa kwenye chuma. Huzunguka juu ya bomba lake kama gurudumu la mkokoteni juu ya ekseli, na kwa hiyo hutaka grisi. Ikikosa grisi hulia. Yangu ililia kama mlango wa choo cha stendi, hata mke wangu akawa anajua nimefika nilipokuwa bado kona ya pili.

Lakini haki itendeke. Miezi sita ya kwanza ilikuwa ya raha. Nilikuwa nimebadilisha zote: mikono ya chini, stabilaiza, rodi za mbele, kila mahali. Ukishika usukani kwenye kona za kwenda Mbeya, gari lilikuitikia kabla hujamaliza kuomba. Ule ulevi wa gari kuukuu, wa kusitasita kidogo kabla ya kugeuka, uliondoka kabisa. Nikawa mhubiri. Nilikaa kwenye benchi la gereji nikiwaeleza vijana kwamba raba ni teknolojia ya babu zao. Kijana mmoja, dereva wa magari ya IT, yale yanayotoka bandarini Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo, alikuwa amejinunulia Datsun la umri uleule. Alinisikiliza kwa heshima, akaenda akanunua seti kama yangu.

Mwezi Julai 2022 nilikuwa nikirudi kutoka Vwawa na binti yangu, baridi kali, barabara kavu. Kabla ya kufika Mpemba nilikuta mkia wa foleni ya malori umesimama. Nikakanyaga breki, si kwa nguvu ya kutisha. Pakasikika mlio kama wa jiwe kupasuka, usukani ukaniponyoka, gari likavutwa kushoto mpaka kwenye majani. Lingevutwa kulia, upande walikokuwa wakija wanaotoka mpakani, nisingekuwa naandika. Binti yangu hakulia. Aliuliza tu, "Baba, ni nini?" na mimi sikuwa na jibu.

Jibu lilikuwa chini. Katika Datsun hili kila gurudumu la mbele lina rodi inayotoka kwenye mkono wa chini na kwenda nyuma, inapita katika kikombe cha chuma kwenye chesisi, ikiwa na bushi mbele ya kikombe na bushi nyuma yake. Ndiyo inayozuia gurudumu lisirudi nyuma unapofunga breki. Rodi ya kushoto ilikuwa imekatika shingoni, mwanzo wa nyuzi za nati, na gurudumu lilikuwa limerudi likagusa bodi. Mkato wenyewe ulisema kila kitu: sehemu kubwa ilikuwa na rangi ya zamani, sehemu ndogo tu iling'aa. Rodi ile ilikuwa ikikatika kidogo kidogo kwa muda, na mimi nikiwa juu yake nikihubiri.

Sababu yake hata mtoto ataielewa. Gurudumu likipanda tuta, ncha moja ya rodi hupanda nalo, na ncha ya pili hutikisika ndani ya kikombe. Raba huikubalia. Bushi mbili ngumu, moja kila upande, huikatalia, na mwendo ule haupotei kwa kukataliwa. Humwendea aliye jirani. Kila tuta na kila rasta, kutoka kibao cha "punguza mwendo" hata kingine, rodi ilikuwa ikikunjwa pale inapotoka kwenye bushi. Muuzaji alisema kweli: bushi zilitoka salama, hazina hata mkwaruzo. Hazikufa. Zilichagua nani afe badala yao.

Baada ya siku ile niliitafuta karatasi iliyokuja na seti. Ina aya nne, na tatu kati yake ni sifa. Inasema inafaa kwa barabara na kwa mashindano. Inaeleza grisi. Juu ya rodi hakuna hata neno, ilhali wenye magari haya katika nchi nyingine wamelijua jambo hili kwa miaka mingi: weka ngumu mbele ya kikombe ukipenda, kwa kuwa ndipo breki inaposukuma, lakini nyuma acha raba, ili rodi ipate pa kupumulia. Sentensi moja ingetosha. Mwandishi wa karatasi ile alikuwa na nafasi ya kutosha. Aliitumia kwa picha ya gari likiruka.

Picha ile nayo nina neno nalo, maana ndiyo hoja kubwa ya maduka: magari ya mashindano huwekewa vitu vigumu, basi kigumu ndicho bora. Gari la Safari lilingojwa njiani na mafundi wenye jeki na sanduku la spea, likakaguliwa na kubadilishiwa vyuma mbio zikiendelea. Lilitakiwa lidumu siku chache, kisha lifumuliwe lote. Mimi mafundi wangu wananingoja Tunduma, na hukagua nikiwaita.

Wala sitaki nieleweke kwamba nyeusi ni malaika. Neno "orijino" katika mji wa mpakani lina bei kuliko maana. Nimeuziwa bushi nyeusi katika boksi zuri ambayo raba yake haikuwa imegandishwa kwenye bomba bali imesukumiwa tu ndani; ukiizungusha kwa kidole gumba inageuka. Ile ina udhaifu wa pande zote mbili. Kabla hujalipa, izungushe. Tena kuna kosa letu wenyewe. Gereji nyingi hukaza nati za mikono ya chini gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia. Likishushwa, raba inabaki imenyongwa hata gari likiwa limesimama, kila saa, usiku na mchana, na baada ya miezi michache inachanika. Ndipo tunasema feki. Raba hukazwa gari likiwa limekanyaga chini kwa uzito wake. Fundi wangu alilipinga hilo kwa sababu moja ya kweli: hana shimo la kuingilia chini. Tulipandisha magurudumu yote manne juu ya vipande vya magogo, akaingia kwa tumbo, akakaza huku akinilaani kwa adabu.

Ipo na bushi ya tatu, ambayo wasomi wa magari hawaitaji: ile ya kukatwa kwenye tairi la lori au kukerezwa kwenye nailoni. Nilipokuwa nangoja raba zifike, fundi alinikatia mbili za tairi za kuweka nyuma ya vikombe, na rodi ya mtumba. Zilinipeleka wiki sita. Hazikuwa na mviringo kamili, na nisingekwenda nazo Mbeya. Lakini aliyezitengeneza aliniambia, "Hizi zitakufa Septemba," na zikafa Septemba. Kwa upande wa ukweli wa maelezo, ndiyo bidhaa bora niliyonunua katika mkasa huu wote.

Nimebaki na nyekundu kwenye stabilaiza, maana pale ugumu ndio unaotakiwa, na mbele ya vikombe. Mikono ya chini na nyuma ya vikombe ni nyeusi. Usukani umerudi kusitasita kidogo.

Yule kijana nilimtafuta siku mbili. Alikuwa safarini na gari la watu, amefika Kapiri Mposhi. Aliporudi nilimkuta gereji, akaniamkia kama siku zote, "Shikamoo mzee." Nikamwambia kwamba niliyomfundisha yalikuwa makosa, na kwamba asiliendeshe gari lake mpaka tumelitazama. Alidhani natania. Tukafungua rodi ya kushoto, fundi akaifuta kwa kitambaa chenye petroli, akaisogeza kwenye mwanga. Shingoni palikuwa na mstari mwembamba, mweusi kama unywele, umezunguka karibu nusu. Kijana aliupitishia ukucha mara mbili. Kisha akaniuliza raba zile za nyuma zinauzwa kiasi gani.