Hongera kwa walinzi wa Via Dolorosa

Ijumaa alasiri, katika Mji wa Kale wa Yerusalemu, watawa wa Kifransisko huongoza Njia ya Msalaba kwenye barabara ya Via Dolorosa, wakipita katikati ya soko. Soko halifungwi. Mahujaji wanasali, mwenye duka anapanga bidhaa zake, anayesukuma mkokoteni anaomba njia. Wapo wanaokerwa na kelele hizo. Mimi naona ndivyo ipasavyo, maana hata siku ile Yesu alipobeba msalaba mji ulikuwa na shughuli zake.

Papa Klementi VI aliwakabidhi Wafransisko ulinzi wa mahali patakatifu mwaka 1342. Kati ya vituo 14 vya Njia ya Msalaba, vitano vya mwisho vimo ndani ya Kanisa la Kaburi Takatifu, ambalo ufunguo wake, ajabu ya kupendeza, hutunzwa na familia ya Kiislamu.

Nipendacho zaidi ni kituo cha tano, cha Simoni Mkirene, mtu wa Libya ya leo, Mwafrika aliyetoka shamba akabebeshwa msalaba. Hapo pana jiwe ukutani lililobonyea kwa kuguswa na viganja vya mahujaji.

Sehemu kubwa ya sadaka ya Ijumaa Kuu, pamoja na ile ya parokia zetu, huwafikia watawa hawa.