Kutuliza cherehani ya kiwandani: kwanza puli, umeme baadaye

Cherehani ya kiwandani ya mshono ulionyooka, mathalani Juki DDL-8700, inaweza kupiga hadi mishono 5,500 kwa dakika. Kwa mwenye kandarasi ya sare za shule, kasi hiyo ni mali. Kwa fundi wa Garissa anayetaka kushona mshipi, mkoba au ukanda wa sandali, ni balaa.

Garissa ina mojawapo ya masoko makubwa ya mifugo katika Afrika Mashariki, na ngozi si kitu cha kutafuta huko. Lakini ngozi mbichi hutiwa chumvi, ikapakiwa kwenye lori hadi viwanda vya kusindika vya miji kama Thika na Athi River, kisha kazi ya kushona ikaangukia mafundi wa Kariokor, Nairobi. Anayetaka kuifanya kazi hiyo karibu na nyumbani huanza na mashine anayoweza kuipata, na mara nyingi ni hii ya nguo. Swali lake la kwanza huwa moja: nitaipunguzaje kasi?

Kasi huidhuru kazi hii kwa sababu ngozi si kitambaa. Kitambaa kina nyuzi zinazosogea sindano inapopita, kwa hiyo mshono mbaya hufumuliwa ukarudiwa. Ngozi hutobolewa, na tundu halizibiki. Sindano ikiruka nje ya mstari milimita mbili kwenye kona ya mkoba, kipande kizima kimeharibika. Halafu kuna joto. Sindano inayopenya ngozi kwa kasi kubwa husuguana nayo hadi ikapata moto wa kulainisha uzi wa nailoni au poliesta, na uzi hukatika bila fundi kujua sababu. Joto la Garissa halisaidii, ingawa chanzo ni msuguano.

Tuangalie hesabu. Mota ya kawaida ya klachi, kwa umeme wetu wa 50 Hz, huzunguka takriban mara 2,850 kwa dakika. Ile ya mwendo wa chini huzunguka takriban 1,425. Tuseme puli ya mota ina kipenyo cha milimita 110 na puli ya cherehani ina 80. Zidisha 2,850 kwa 110, ugawe kwa 80: utapata mishono kama 3,900 kwa dakika, yaani 65 kwa sekunde. Kwa mshono wa milimita 3, ukanda wa sentimita 20 unakwisha kwa sekunde moja hivi. Hakuna mkono unaoweza kuongoza ngozi kwenye kona kwa mwendo huo.

Wengi hukimbilia kwanza kifaa cha kupunguzia kasi ya feni. Hapo ndipo mota nyingi huungulia. Mota ya klachi ni ya induksheni, na kasi yake hufuata masafa ya umeme zaidi kuliko volti. Ukishusha volti, kinachoanguka mapema ni nguvu: volti zikipungua kwa nusu, kutoka 240 hadi 120, nguvu ya kuzungusha hubaki robo. Mota hukwama ndani ya ngozi, huku ikivuta mkondo mkubwa na kupata moto.

Wengine hujifunza kukanyaga pedeli nusu-nusu ili klachi iteleze. Fundi mwenye mguu mwepesi huweza, lakini pedi ya klachi hulika haraka, na akichoka jioni mguu huzidisha.

Njia iliyo sawa huanzia kwenye puli. Badilisha puli ya mota ya milimita 110 uweke ya 50: kasi inashuka hadi karibu 1,780. Tumia mota ya 1,425 badala ya 2,850: unafika 890, mishono kama 15 kwa sekunde. Bado ni mbio kwa ngozi, na kuipunguza puli zaidi ya hapo kuna madhara yake. Mkanda unaozunguka puli ndogo mno hupinda sana, hushika sehemu ndogo, na huteleza pale pale sindano inapohitaji nguvu.

Kwa hiyo huongezwa shafti ya kati. Chini ya meza hufungwa shafti fupi juu ya beringi mbili, na juu yake puli mbili: kubwa ya milimita 150 na ndogo ya 50. Mkanda wa kwanza hutoka kwenye mota kwenda puli kubwa. Wa pili hutoka kwenye puli ndogo kupanda hadi cherehani. Fundi wa kukereza chuma anaweza kuzitengeneza puli hizo. Anachopaswa kuangalia ni kwamba tundu liko katikati sawasawa, la sivyo meza nzima itatetemeka, na kwamba puli zinazoshirikiana mkanda zimekaa kwenye mstari mmoja. Ukiubonyeza mkanda katikati kwa kidole, ubonyee sentimita moja au mbili. Mikanda isipopishanishwa, mzunguko unabaki wa upande ule ule, na gurudumu la cherehani litaendelea kuja upande wa mshonaji kama kawaida.

Hesabu sasa ni 1,425 mara 50 gawa kwa 150, kisha mara 50 gawa kwa 80. Jibu ni karibu 297, mishono mitano hivi kwa sekunde. Ukanda wa sentimita 20 unachukua sekunde 13, na jicho linaifuata sindano. Faida kubwa zaidi haionekani kwa macho. Shafti iliyogawanya kasi kwa tatu imezidisha nguvu kwa karibu tatu, ukitoa kidogo kinachopotea kwenye beringi na mikanda. Sindano inaingia polepole lakini haisiti.

Hapo ndipo mota ya servo, inayosifiwa siku hizi, inapaswa kupimwa vizuri. Ni kweli kasi yake huwekwa kwa kitufe, pedeli inaitii taratibu, na baadhi zina kihisi cha kusimamisha sindano ikiwa chini, jambo linalorahisisha kugeuza kona. Lakini servo ya wati 550 haitoi wati 550 kwenye kila kasi. Ikizunguka kwa sehemu ya kumi ya mwendo wake, hata kama nguvu yake ya kuzungusha haijapungua, kazi inayotoa ni sehemu ya kumi tu. Ndiyo maana fundi hulalamika kwamba servo mpya inakwama kwenye tabaka tatu za ngozi ya ng'ombe. Ukiiunganisha na shafti ya kati, inazunguka kwa kasi inayoifaa huku sindano ikienda pole.

Servo ina hoja nyingine nzito huku Kaskazini Mashariki. Mtambo wa sola wa Garissa, wa megawati zipatazo 54, ulizinduliwa Desemba 2019, lakini miji kama Wajir na Mandera imeishi miaka mingi kwa mitambo ya dizeli, na vibanda vingi hutegemea jenereta au paneli zao. Mota ya klachi huzunguka muda wote swichi ikiwa imewashwa, hata fundi akiwa anakata ngozi. Ikiwashwa, huvuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida, kiasi cha kuzima inveta ndogo. Servo hula umeme mwingi pale tu pedeli inapokanyagwa.

Kuna mambo ambayo mwendo wa pole hauyatibu, na mengine unayaanzisha. DDL-8700 hujipaka mafuta kwa pampu inayoendeshwa na mzunguko wa mashine yenyewe. Kwa mishono 300 kwa dakika pampu huenda isifikishe mafuta juu. Angalia kioo kidogo kilicho juu ya kichwa cha mashine: mafuta yasiporuka humo, tia matone kwa mkono kila siku. Vilevile meno ya chini ndiyo pekee yanayovuta, hivyo tabaka la juu la ngozi hubaki nyuma. Kwa mikoba minene kuna mashine ambazo sindano na mguu husogea pamoja, kama Singer 111W155 au Juki LU-563. Na mikanda miwili chini ya meza inataka kifuniko, maana ncha ya mtandio au ya kikoi (macawiis) hunaswa upesi.

Kabla ya kutoa shilingi yoyote, fanya jaribio hili. Weka sindano ya ngozi, sema namba 18, na tabaka mbili za ngozi ya mbuzi, kisha zungusha gurudumu kwa mkono. Ikipita na mshono ukajifunga, mashine yako inafaa. Nunua puli na shafti, na servo ije pesa zikipatikana. Ikigoma mkononi, au uzi mnene ukikataa kupita kwenye ndoano ya bobini, usiidai mota ifanye jambo ambalo mashine yenyewe haiwezi. Pesa hizo zianze kuchangia mashine nyingine.