Kinywa cha Jirani: Tukisoma Huckleberry Finn Tarime na Serengeti

Mark Twain alipotoa riwaya yake Adventures of Huckleberry Finn, Uingereza mwaka 1884 na Marekani mwaka 1885, alitanguliza taarifa fupi: kwamba ametumia lahaja kadhaa za Missouri na jirani zake kwa makusudi, msomaji asije akadhani wahusika wote walijaribu kusema namna moja wakashindwa. Taarifa hiyo ina kicheko, lakini ina hoja nzito. Twain alikataa kuwavika watu wa mtoni kanzu ya lugha ya darasani. Msimulizi ni Huck, kijana asiye na elimu ya maana, na usemi wake ndio ubebao kitabu chote. Mwaka 1885 kamati ya maktaba ya Concord, Massachusetts, ilikiondoa kitabu hicho kwa kukiona hakina adabu.

Je, uhalisi huu ni pambo tu? Sisi twaona sivyo. Huck asafiri na Jim, mtumwa aliyetoroka. Dhamiri aliyolelewa nayo yamwambia kwamba kumficha mtumwa ni wizi na ni dhambi. Aandika barua ya kumfichua, kisha aichana, akiwa radhi kwenda jehanamu kuliko kumsaliti rafiki. Lau angesema kwa lugha ya mhubiri, tungesikia fundisho tu. Kwa kuwa asema kwa maneno yaleyale aliyopewa na jamii iliyomiliki watumwa, twaona jinsi lugha ya watu iwezavyo kuuita wema dhambi. Huck hana neno la kulisifu tendo lake. Ana tendo lenyewe.

Msomaji wa Tarime au Serengeti hahitaji kufika Mississippi ili kuelewa jambo hili. Binti akimbiaye ukeketaji mwezi wa Desemba, akabisha hodi usiku, amweka jirani yake mahali pa Huck. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa aliye chini ya miaka 18, na nyumba salama zimefunguliwa Masanga na Mugumu. Hata hivyo, amfichaye binti aweza kuhesabiwa kuwa mvunja mila, na binti mwenyewe jina lake lamngoja: msagane.

Je, mwandishi aliandike neno hilo? Katika kitabu cha Twain tusi la kuwadharau watu weusi latokea zaidi ya mara 200. Mwaka 2011 mchapishaji mmoja wa Alabama alitoa nakala iliyoweka neno "mtumwa" mahali pake. Twaielewa huruma hiyo, hasa kwa mwanafunzi mweusi alazimikaye kulisikia darasani. Lakini tusi likifutwa, aliyelitamka naye husafishwa.

Hatusemi Twain hana kasoro. Katika sura za mwisho Tom Sawyer amfanya Jim mchezo wake, ingawa ajua kwamba Jim ameshaachwa huru kwa wosia. Na usemi wa Jim, ulioandikwa na mtu wa nje, mara nyingine waelekea kichekesho. Lahaja peke yake haimpi mtu heshima. Yampasa mwandishi kwanza kumsikiliza.

Kwetu, Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe alionyesha uhalisi usioogopa katika Rosa Mistika (1971), nayo ikapigwa marufuku shuleni kwa muda. Lakini wahusika wake wa kisiwani wasema Kiswahili. Hatumlaumu. Lahaja za Twain zilikuwa za lugha moja. Kikuria, Kingoreme, Kiikoma na Kijaluo ni lugha kamili, wala haziwezi kumiminwa zote katika riwaya moja. Liwezekanalo ni kuliacha neno lisilo na badala libaki kama lilivyo, na kuuacha mwendo wa mazungumzo ya nyumbani usikike ndani ya Kiswahili.

Mwaka 1530 Luther alieleza kwamba mfasiri hana budi kumwuliza mama nyumbani, watoto njiani na mtu wa kawaida sokoni, na kuvitazama vinywa vyao. Shauri hilo lamfaa mwandishi wa riwaya, na lamfaa mhubiri. Anayeliita jambo la Tarime kwa maneno ya kitabuni tu hatagusa mahali ambapo neno "msagane" huuma. Twangoja riwaya ya jirani aliyefungua mlango usiku ule, isimuliwe kwa kinywa chake mwenyewe.