Kitabu cha Pili Ndicho Kinachosema

Mswada wa hadithi ya watoto ukinifikia, siusomi kimya. Naruka hadi ukurasa wa tatu, nausoma kwa sauti, nasikiliza pumzi yangu inakatikia wapi. Ukurasa wa kwanza mwandishi kaupiga pasi mara ishirini, hauna habari. Kwenye wa tatu ndipo anapojisahau.

Hapo nikikuta "Juma alikuwa mtoto mtiifu, aliyewaheshimu wazazi na walimu wake," najua nimeletewa hotuba. Nikikuta "Juma alizificha kandambili za kaka yake nyuma ya mtungi, akaketi mkekani akijifanya anasoma," naagiza chai. Sentensi hii haijataja tabia ya Juma hata kidogo, lakini mtoto wa darasa la tatu keshamjua, na anamsubiri kaka atoke bafuni. Tanakali za sauti nazo zipimwe papo hapo. Jiwe likitumbukia kisimani chubwi, sawa. Ila ukurasa wenye pu, tubwi na kacha kila mstari ni kama mchuzi uliozidi pilipili: mpishi anaficha samaki aliyelala.

Hata hivyo, ukurasa mzuri haujathibitisha kwamba tumepata mwandishi. Hadithi moja nzuri kila nyumba inayo, na wengi wetu tulirithi yetu kwa bibi. Kazi huonekana hadithi ya bibi ikishaisha. Ndiyo maana mimi humhukumu mtu kwa kitabu cha pili, na zaidi kwa alivyokisahihisha cha kwanza.

Mtazame Astrid Lindgren wa Uswidi. Mwaka 1941 binti yake Karin, akiwa mgonjwa kitandani, alimtaka mama amsimulie habari za Pippi Långstrump, jina alilolibuni palepale. Mama akasimulia, akaendelea kusimulia miaka mitatu. Mwaka 1944 aliteleza barabarani, akaumia kifundo cha mguu, na kwa kuwa hakuweza kutoka, akaziandika hadithi hizo. Karin alipewa mswada huo kwa siku yake ya kutimiza miaka kumi. Nakala nyingine ilipelekwa kwa mchapishaji mkubwa, ikakataliwa.

Kinachonivutia ni alichofanya baada ya hapo. Aliingia shindano la kampuni ya Rabén & Sjögren kwa kitabu kingine kabisa, cha wasichana, akapata nafasi ya pili. Kisha akamrudia Pippi, akamwandika upya, na mwaka 1945 akashika nafasi ya kwanza katika shindano jingine la kampuni hiyo. Mswada ule wa awali ulichapishwa mwaka 2007, kwa hiyo tofauti inaonekana kwa macho: Pippi wa mwanzo ni mkali zaidi, na maneno yake ya upuuzi ni mengi zaidi. Mwandishi alipunguza kelele, na kituko kikabaki kizima. Kujua nini cha kukata na nini cha kuacha, hilo bibi hakurithishi.

Mwaka 1946 kampuni hiyohiyo ilimwajiri ahariri vitabu vya watoto, akakaa hadi 1970. Asubuhi aliandika kitandani kwa hatimkato, ujuzi wa ukatibu mahsusi aliokuwa nao tangu ujana, na mchana akaenda ofisini kusoma miswada ya wenzake. Mhusika wake Emil alitokea 1963. Ndugu wawili wa Lejonhjärta walitokea 1973, katika kitabu kinachoanza na kifo bila kumdanganya mtoto. Ronja alikuja 1981, mwandishi akiwa na miaka 73. Ukivisoma vyote, husikii Pippi akijirudia.

Kwetu kitabu cha pili mara nyingi hufa kwa kukosa mnunuzi. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza Tanzania mwaka 1991, ulilijua hilo: uliwasaidia wachapishaji kwa kununua sehemu ya nakala na kuzipeleka shuleni. Kikwazo kingine ni swali nilisikialo mpaka leo: "Utaandika lini kitabu cha watu wazima?" Mwandishi Ken Walibora wa Kenya alikuwa ameshatoa riwaya ya Siku Njema, mwaka 1996, ndipo akaandika Ndoto ya Amerika kwa ajili ya watoto. Sioni kwamba alishuka ngazi.

Juzi niliwasomea watoto wa jirani, barazani, mswada wa tatu wa mwandishi mmoja ninayemfuatilia. Tulipofika mbuzi anapopanda daladala, msichana mmoja aliuziba ukurasa kwa kiganja. "Ngoja kwanza," akasema, akakimbia kumwita mdogo wake. Tukarudia toka mwanzo. Aya ya mwisho ilikuwa na funzo la utii, na hiyo niliisomea migongo yao, maana walishaanza kuondoka. Nimemwandikia mwandishi aikate. Bado hajajibu.