Tazama Kete Mbili za Mwisho

Nimenyamaza siku nne, basi. Jumamosi usiku kijana mwenye banda la video hapa Nyanungu aliacha mpira akaweka The Queen's Gambit, ile tamthilia ya Wamarekani ya Beth, binti yatima anayewafunga wanaume sataranji. Vipande vinne Jumamosi, vitatu Jumapili, kiingilio kilekile. Banda lilijaa hadi watu wakakaa juu ya madumu ya mafuta. Usiku wa pili, pale Beth anapocheza na wanaume watatu kwa mpigo katika chumba cha mchezaji mwenzake Benny, fundi simu aliyekaa mbele yangu aliruka: "Mura, ona mkono unavyokimbia! Huyo ndiye fundi!" Banda zima likapiga makofi.

Ningevumilia. Watu wamelipa, waache wapige makofi. Kilichonishinda ni Jumatatu. Nilipita kijiweni nikakuta kijana wa bodaboda anacheza bao kwa kasi ileile, anamwaga kete kama mtu anayelisha kuku, na watazamaji wameshampa jina: Bethi. Alikuwa kwenye namua, hatua ya kwanza ya mchezo, nyumba yake imenona, kete kumi na moja. Akaisafirisha kwa sababu tu ilikuwa inaruhusiwa, akaenda kulala kwenye shimo tupu, mdomoni mwa mwenzake. Watu wakashangilia! Mzee mmoja, mtu ambaye zamani nilimheshimu, akatikisa kichwa akasema kipaji hakijifichi.

Kweli hakijifichi. Ila mnatazama upande usio wake.

Tuanze na takataka tuziondoe njiani. Mjuaji wa juujuu akitaka kuonyesha kwamba anaijua sataranji, akiona filamu atakwambia ubao umewekwa upande, mraba wa kona ya kulia si mweupe. Sawa, kosa hilo lipo katika filamu nyingi na ni aibu. Lakini kulijua si ujuzi, ni kama kujua kwamba gari lina usukani. Isitoshe, katika tamthilia hii hamtalipata, kwa sababu wenyewe waliwaita Garry Kasparov na Bruce Pandolfini wawapangie michezo. Ule wa mwisho, wa Beth na mpinzani wake Borgov kule Moscow, umejengwa juu ya mchezo halisi wa Ivanchuk na Wolff, Biel, mwaka 1993, hadi pale Kasparov alipoutafutia njia nyingine. Kwa hiyo anayesema michezo ile ni ya kubuni anyamaze, na anayesema ni mizuri aseme ameonaje, maana kamera haikumpa nafasi ya kuiona.

Ikiwa mnataka kosa la kweli, haliko ubaoni. Liko mdomoni mwa mtangazaji wa mashindano yale ya Moscow, aliyesema Nona Gaprindashvili hajawahi kukutana na wanaume. Mama huyo wa Georgia alikuwa amekwisha kucheza na wanaume wengi kabla ya mwaka 1968 ambao hadithi inausimulia, na mwaka 1978 akawa mwanamke wa kwanza kupewa cheo cha ugrandimasta. Aliwashitaki Netflix mwaka 2021, wakapatana mwaka 2022. Hilo hakuna aliyeliongelea bandani. Waliongelea nguo za Beth, vidonge anavyomeza na dari anayoichezea sataranji kichwani.

Sasa kazi, na tuanze na bao.

Fundi hajulikani anapoanza kucheza. Anajulikana anapomaliza. Mtazamaji wa kawaida hutumbua macho kete zinaposombwa: amechukua ngapi, amekula wapi, mtaji unakwenda kushoto au kulia. Kete zikianza kupungua mkononi, yeye ameshahamisha macho kwenye uso wa anayeliwa. Huo ndio wakati wa kutazama mkono. Kete mbili za mwisho. Mengine yote unaweza kuyasikia kwa majirani.

Mchezaji ambaye hajui anakokwenda hutoka kwa kishindo, kwa sababu mwanzo wa safari hauna siri. Mashimo manne, matano, kasi ya ajabu. Zikibaki mbili mkono unalegea. Si sana, kiasi cha mtu anayepunguza mwendo mlangoni pa nyumba asiyoijua. Anachungulia: shimo la mwisho lina kitu? Nitalala au nitaendelea? Anajua anapofika, pamoja na wewe. Fundi yeye alifika kabla hajasomba. Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu, yote aliimaliza kichwani wakati wewe ulipodhani anakuna kidevu. Mkono sasa unatekeleza tu. Mwendo wa kete ya kwanza ndio mwendo wa kete ya mwisho. Haongezi, hapunguzi. Hata akienda kulala, analala kwa mwendo uleule, kwa kuwa alijua atalala na alikuwa na sababu yake.

Halafu yuko wa tatu, na huyu ndiye wa kuogopwa: anayeongeza kasi mwishoni. Huyo ni mwizi. Sijawahi kuona mmoja asiyekuwa mwizi, na msiniletee mifano.

Haya sikuyavumbua. Nilifundishwa na mwalimu wa shule ya msingi aliyepangiwa kazi huku kwetu kutoka Pwani, nikiwa darasa la sita. Sisi tulijua mashimo tuliyochimba malishoni na kokoto za mtoni, ng'ombe wakila mahindi ya watu. Yeye alikuja na bao la mninga alilolifunga ndani ya godoro, na mfuko wa komwe. Jioni alijilaza kwenye mkeka, uso ukutani, mgongo kwetu, na akawaacha walimu wenzake wacheze. Alikuwa anasikiliza. Komwe ikianguka juu ya komwe hutoa mlio mmoja. Ikianguka kwenye shimo tupu hutoa mwingine, mzito, wa mbao. Mara mbili au tatu kwa jioni alisema bila kugeuka: "Wa kushoto hajui anakokwenda." Na wa kushoto kweli akaenda kulala kichwani.

Jioni moja alikuja dereva wa lori la pamba, mtu wa maneno mengi, aliyewafunga walimu wote kwa usiku mmoja. Alikuwa akiteleza vizuri, vidole vyembamba, kila mmoja anamsifu. Mwalimu akiwa kalala vilevile akasema taratibu, "Ndugu dereva, shimo la tano umelipa watoto mapacha." Dereva akaapa kwa mama yake. Tukahesabu: kete mbili zilikuwa zimeingia pamoja pale ilipotakiwa moja, ili ya mwisho iangukie penye chakula. Sisi tuliokuwa tumekodoa macho hatukuona kitu. Yeye alisikia mlio mmoja mnene mahali pa miwili myembamba. Wengine hufanya kinyume: wanabana kete moja chini ya kidole cha mwisho na kuitoa inapowafaa. Hao nao mlio wao una pengo. Na wote, wabanaji na wazaa mapacha, wanaharakisha palepale, kwenye kete mbili za mwisho, ili jicho lako lisiwafikie.

Ndiyo maana nasema kete ziwe komwe. Golori hazifai, zinapiga kelele moja tu popote ziangukapo. Za plastiki ni matusi. Na bao liwe la mninga au mvule, mashimo yamechongwa kwa tezo na kulainishwa na miaka ya mikono, si haya ya mashine yenye vanishi inayonuka. Kuna watakaosema mchezo mzuri ni mzuri hata kwenye mashimo ya udongo. Niliucheza kwenye udongo, naujua. Wanasema hivyo kwa kuwa hawana bao.

Mtaniuliza sataranji inaingiaje, mchezo ambao hauna kumwaga. Inaingia palepale. Kila mwendo una mwisho wake: kete iko hewani, imebaki nusu shibri ifike kwenye mraba. Mchezaji ambaye bado anafikiri ataisimamisha kidogo juu ya mraba, au ataiweka kisha ang'ang'anie kichwa cha kete kwa kidole, kwa kuwa akiiachia imekwenda. Mwingine ataikandamiza na kuizungusha kama anafunga parafujo. Huyo anaigiza ushindi ambao hajaupata. Fundi anaiacha katikati ya mraba, vidole vinafunguka, mkono unaondoka bila kugeuka nyuma. Akila, kete iliyoliwa inaingia kiganjani kwa mwendo huohuo wa kuweka, haitolewi kwanza kama mtu anayehamisha kikombe. Kisha mkono uleule unabonyeza saa. Sheria inasema hivyo, mkono uliosogeza ndio ubonyeze. Lakini ninavyoona mimi, kwa fundi si sheria, ni sentensi moja inayofika kwenye nukta yake.

Rudini sasa bandani mkatazame tena. Anya Taylor-Joy aliwahi kujifunza dansi, na mikono ile aliifanyia mazoezi kama hatua za dansi, mfuatano kwa mfuatano. Inaonekana. Mkono wake ni mzuri kuliko wa waigizaji wengi niliowaona, nakiri. Lakini mara nyingi mno, mkono unapokaribia mraba, kamera inakimbilia macho. Macho makubwa, mazuri, sawa. Nukta ya sentensi imekatwa! Aliyehariri alifanya kile mnachofanya ninyi kijiweni: alihamisha macho kete mbili za mwisho zilipofika. Na ninyi, kwa kuwa hamkuzoea kuutazama mwisho, hamkuona kwamba mmenyimwa kitu. Mkasifu kasi. Hata panya ana kasi.

Netflix walisema nyumba milioni 62 ziliitazama katika siku 28 za kwanza, mwaka 2020. Duniani kote watu wakanunua mbao za sataranji, na nyingi, naapa, ziko juu ya kabati. Mimi mwenyewe nimeonyeshwa moja Tarime mjini, ya mawe ya Kisii, kutoka Tabaka ng'ambo ya mpaka: simba ndiye mfalme, twiga malkia, na askari vichwa vya kifaru vinavyofanana na farasi kiasi kwamba ukiinama kidogo unasogeza usichokusudia. Mwenyewe akaniuliza ni nzuri? Nikamwambia jiwe ni zuri.

Kama mnataka filamu, tazameni Queen of Katwe ya Mira Nair, ya mwaka 2016. Nyumbani kabisa, Uganda, ng'ambo ya ziwa. Phiona Mutesi ni mtu, si hadithi: binti wa Katwe aliyemfuata kaka yake hadi kwa kocha Robert Katende kwa sababu palikuwa na uji, akaonyeshwa jinsi kete zinavyokwenda na mtoto mdogo kuliko yeye, Gloria, na mwaka 2012, kwenye Olimpiadi ya sataranji ya Istanbul, akapata cheo. Watazamaji wengi wanailia kwa sababu ya mafuriko na mama kufukuzwa nyumba, na Lupita Nyong'o, aliyemwigiza mama huyo, anastahili machozi hayo. Mimi naipendea mikono ya watoto. Wanapiga kete chini kama watoto, wanazishika kwa ngumi, wanasita, wanajikuna. Madina Nalwanga, aliyemwigiza Phiona, naye alitoka kwenye dansi, lakini hapa hakuna anayejaribu kumfanya aonekane malaika. Anaanza vibaya. Kadiri filamu inavyokwenda mkono unatulia, na kama hamkuuona ukitulia basi hamkuiona filamu. Mwishoni wahusika halisi wanasimama pembeni ya waigizaji wao. Tazameni vidole vya Phiona mwenyewe.

Yapo mambo mengine ya kupimia, nitayasema haraka. Anayeongea wakati wa namua hajui. Anayetikisa kete mkononi kabla ya kuzimwaga, ondokeni. Anayemwangalia mwenzake usoni kuliko ubaoni anacheza karata. Anayekimbilia penye kete nyingi kila anapokula ana njaa, hana mchezo. Fundi huacha kete saba zilizo wazi akala mbili, na sababu utaiona kesho. Na anayefungwa akapanga upya mashimo bila kuambiwa, akacheka, huyo mpeni kiti.

Zamani hatukuhitaji kuandika haya. Mwalimu Nyerere alilipenda bao, na Butiama si mbali na hapa. Kucheza vizuri lilikuwa jambo la heshima, si la kupitisha muda tu ukingoja mechi uliyobetia imalizike. Yule mwalimu wangu wa Pwani alihamishwa nikiwa kidato cha kwanza. Aliondoka na bao lake, lakini mfuko wa komwe alinipa. Zilikuwa 64. Zimebaki 61, tatu zilizopotea nimeziba kwa kokoto za Mto Mara, na kila nikimwaga nazisikia zilipo.

Kwa hiyo kijana wa bodaboda simchukii. Ana mkono mwepesi, na wepesi unaweza kufundishwa kusubiri. Jumapili baada ya ibada nitakuwa chini ya mti nyuma ya zahanati, nimekaa nimeupa ubao mgongo. Anayetaka kubisha aje. Aje na kete zake, ziwe za komwe, na asiniambie yuko upande gani.