Ustadi wa Kusaka Mvuke wa Petroli

Petroli haisubiri kuchomwa ndipo iondoke garini, kwani hata gari likiegeshwa na injini ikazimwa, joto la mchana hugeuza sehemu ya mafuta yaliyomo tangini kuwa mvuke, na mvuke huo usipowekewa njia hujitafutia wenyewe. Kwa miongo kadhaa uliachwa utoke hewani kupitia tangi na kabureta, yaani kile kifaa kilichochanganya petroli na hewa kabla ya magari kuhamia kwenye nozeli. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mkemia Arie Haagen-Smit, aliyefanya kazi Caltech huko Pasadena, alionyesha kwamba ukungu mchafu uliowawasha macho wakazi wa Los Angeles ulitokana na mvuke wa namna hiyo kukutana na oksidi za nitrojeni chini ya mwanga wa jua. Jimbo la California lilidai kwamba magari mapya ya mwaka 1970 yauzuie mvuke usitoke, Marekani nzima ikafuata mwaka 1971, na kuanzia hapo fundi akaongezewa kazi ya kutafuta kitu asichoweza kukiona.

Mfumo wenyewe si mgumu kuueleza. Mvuke hutoka tangini kwa mrija hadi kwenye mkebe wenye mkaa amilifu, yaani mkaa uliotayarishwa hadi ukawa na vitundu vidogo visivyohesabika vinavyounasa mvuke na kuushikilia. Kisha injini ikishapata moto, vali ya kusafishia hufunguka, hewa safi huvutwa kupitia mkaa, na mvuke ulionaswa huenda kuchomwa pamoja na mafuta mengine. Vali ya pili, ya kupumulia, hukaa wazi upande wa mkebe na hufungwa pale tu kompyuta ya gari inapotaka kupima kama pana uvujaji. Mkebe huo umo hata katika magari mengi yaliyotumika yanayoshushwa Mombasa na Dar es Salaam kutoka Japani, ingawa ni wachache miongoni mwa wenye magari hayo waliowahi kuuona.

Tangu mwaka 1996 magari madogo yote yanayouzwa Marekani hulazimika kujichunguza yenyewe, na uchunguzi wa mvuke ulianza kwa kutambua tundu la milimita 1 hivi, ukateremka hadi nusu milimita katika magari yaliyotolewa kuanzia mwaka 2000, tundu jembamba kuliko sindano nyingi za kushonea. Gari likigundua uvujaji huwasha taa ya injini kwenye dashibodi na kuhifadhi msimbo: P0455 kwa uvujaji mkubwa, P0442 kwa mdogo, P0456 kwa mdogo kabisa. Msimbo husema kwamba panavuja, hausemi wapi. Ni hapa fundi wa kweli anapoachana na mbahatishaji, ambaye leo huuza kifuniko cha tangi, kesho vali, keshokutwa mkebe mzima, na gharama yote humwangukia mteja. Kwa haki, kifuniko ni mshukiwa wa kwanza, kwa kuwa mpira wake hukauka na kupasuka. Lakini kukikagua hakuhitaji fedha, bali macho na kidole.

Fundi wa pancha huzamisha tyubu katika beseni la maji na mapovu yakamwonyesha tundu, ila gari haliingii beseni, na kwa sababu hiyo hutumiwa moshi. Mashine huchemsha mafuta ya madini hadi yatoe moshi mweupe mzito, na moshi huo husukumwa ndani ya mfumo kwa shinikizo lisilofikia kilopaskali 7, ilhali tairi la gari dogo hujazwa zaidi ya 200, kwa kuwa nguvu ikizidi hufumua maungio yaliyokuwa mazima. Fundi mwangalifu husukuma kwa nitrojeni badala ya hewa ya kompresa, maana tangi lenye mvuke likiongezewa oksijeni hubakiza kungojea cheche tu. Kwanza huifunga vali ya kupumulia, la sivyo moshi utatokea huko na kumdanganya. Kisha huacha kifuniko wazi mpaka moshi utokeze mdomoni mwa tangi, akakifunga, feni ya gereji ikazimwa, naye akaanza kuzunguka na tochi akiielekeza kwa mshazari. Tundu la nusu milimita hutoa uzi mwembamba wa moshi ambao pumzi ya mtu aliyeinama karibu yatosha kuutawanya. Hutokea juu ya tangi penye mpira wa pampu, au kwenye kona ya mrija uliopasuka, au, jambo la kawaida kwa magari yaliyozoea chumvi, nyuma ya plastiki ya madigadi, pale shingo ya tangi ilipoliwa na kutu chini ya klipu.

Matengenezo yenyewe mara nyingi ni madogo kuliko msako, lakini yana adabu zake: mrija uwe wa mafuta, kwani mpira wa maji huvimba ukiguswa na petroli, na silikoni ya kupaka isitumiwe kuficha ufa, kwa sababu petroli huilainisha ikabanduka. Mkaa uliolowa kwa sababu ya mazoea ya kuongeza mafuta baada ya pampu ya kituo kujikata haufai tena, na hapo mkebe hubadilishwa kwa haki.

Kazi ikimalizika moshi hurudishwa, na kijigololi ndani ya kipimo cha mtiririko hushuka hadi chini na kutulia. Kufuta msimbo huzima taa bila kuthibitisha lolote, kwa kuwa magari mengi hayafanyi jaribio lao mpaka injini ilale hadi ipoe, na tangi liwe na mafuta kati ya asilimia 15 na 85 hivi. Kwa hiyo fundi mwaminifu humwomba mwenye gari asijaze tangi pomoni, aliendeshe kama kawaida kwa siku chache, kisha alirudishe lisomwe tena kabla ya yeyote kutamka kwamba limepona.